Kijerumani cha Jumamosi

Waiyego alianza kufunza akiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, katika shule ya sekondari ya kutwa iliyo nje kidogo ya soko la Moiben. Masomo yake yalikuwa hesabu na fizikia. Alikuwa mtoto wa pale pale. Wazazi wake walihamia kutoka Murang'a kitambo, wakanunua kipande cha shamba na kufungua duka, na ingawa baba yake, Mzee Mungai, alishafariki, mama yake Virginia bado alisimama nyuma ya kaunta akiuza unga, mafuta ya taa na chumvi ya ng'ombe. Soko zima lilimwita Mama Waiyego. Binti alipopata kazi ya serikali mahali pa kutembea tu kutoka nyumbani, majirani walisema Mungu amemkumbuka huyo mama.

Mwaka huo shule ilikuwa na walimu wanne wa hesabu. Chumba cha walimu kilijaa mpaka waliochelewa chai ya saa nne waliinywa wakiwa wamesimama. Waligombania Form Four, kwa sababu kila mmoja alitaka matokeo mazuri yaje kwa jina lake. Waiyego, kwa kuwa alikuwa mgeni kazini, alipewa Form One. Akawapenda. Alibeba madaftari yao nyumbani jioni na kumsomea mama yake majibu ya kuchekesha, na Virginia, ambaye hesabu yake iliishia darasa la sita, alicheka hata pale asipoelewa.

Kisha walimu wakaanza kuondoka. Hawakuondoka kwa kishindo. Mmoja alipata kazi ya bima mjini Eldoret. Mwingine aliomba uhamisho kwenda kwao Bondo kwa sababu mkewe aliugua. Wa tatu alikwenda Qatar. Kila mara mwalimu mkuu, Bwana Wamalwa, aliomba mwalimu wa kuziba pengo, na kila mara aliambiwa angoje, kwa maana shule zilizokuwa zikingoja zilikuwa nyingi. Kwa hiyo vipindi vya aliyeondoka viligawiwa waliobaki. Kila mwalimu aliagwa vizuri. Kulikuwa na keki, soda na hotuba, kisha mwenzao anafungwa blanketi jipya mabegani, watu wanapiga makofi.

Aliyemuuma Waiyego ni Nekesa. Nekesa alifunza fizikia. Walitumia meza moja, walikula githeri kutoka kwa mkebe mmoja, na kila mmoja alijua mwenzake anaudhika na nini. Nekesa alipopata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea uuguzi wa wazee, Waiyego ndiye aliyeombwa kusoma hotuba ya walimu. Alisoma mistari miwili, akashindwa. Alilia mbele ya wanafunzi wote, karatasi ikalowa, Wamalwa akaja kumshika bega.

Baada ya hapo waliondoka wengine, na wengine tena. Katika sherehe moja ya kuaga mwalimu wa jiografia, Waiyego aliketi nyuma na rundo la mitihani, akawa anasahihisha huku hotuba zikiendelea. Watu walipopiga makofi, aliweka kalamu chini, akapiga makofi, akaichukua tena. Wamalwa alimwona.

Ilifika wakati yeye ndiye hesabu yote na fizikia yote. Mikondo miwili ya kila kidato iliunganishwa, wakawa wanasomea ukumbi wa kulia, ambako harufu ya kabichi haikutoka. Alieleza jambo lile lile asubuhi, saa tano na alasiri, na ile mara ya tatu hakujua kama sentensi aliyokuwa anaitoa alikuwa ameshaitoa kwa hawa au kwa wale wa kabla yao. Alikuwa akiangalia nyuso zao, haoni dalili. Basi anairudia. Hakuwa na hasira. Hakuwa hata na huzuni, ile ya kumfanya mtu akose usingizi. Alilala vizuri. Aliamka, akaoga, akaenda.

Jioni moja alirudi akamkuta mama yake ameketi kwenye kreti la soda nje ya duka, mikono mapajani.

"Ile ng'ombe ya maziwa imekufa," Virginia akasema.

"Sawa, Mami," Waiyego akajibu, akapita kwenda kubadilisha viatu.

Aliporudi, mama yake alikuwa bado anautazama mlango aliopitia.

"Hata hujauliza imekufa na nini."

"Imekufa na nini?"

"Wacha tu," Virginia akasema. "Wacha."

Ng'ombe huyo ndiye aliyemlipia Waiyego karo ya chuo, na Waiyego alijua hivyo. Usiku huo alijaribu kumfikiria, pembe moja iliyopinda, namna alivyokataa kukamuliwa na mtu mwingine asiye mama. Yote aliyakumbuka sawasawa, kama vile mtu anavyokumbuka namba ya simu.

Nekesa alikuwa akipiga simu Jumapili. Alisimulia baridi, treni na wazee aliowatunza, wanaomwita kwa jina ambalo hawawezi kulitamka. Siku moja akayaacha hayo, akasema, "Wewe, mbona sikuskii?"

"Si niko tu kwa simu."

"Uko kwa simu lakini hauko. Skiza, kuna class ya Kijerumani hapo town, Jumamosi. Nimeshaongea nao. Jina lako liko. Enda tu ukae."

Waiyego hakuwa na sababu ya kukataa, na hakuwa na nguvu ya kuitafuta. Jumamosi hiyo, mwaka elfu mbili ishirini na tano ulipokuwa ndio kwanza unaanza, alikwenda Eldoret, akapanda ngazi za jengo lililo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, akasukuma mlango. Ndani kulikuwa na benchi na ubao mweupe. Mwalimu, msichana mwembamba mwenye miwani, aligeuka na kalamu mkononi.

"Madam!"

Alikuwa Ciku, mmoja wa wale Form One wa kwanza. Alikuwa amemaliza chuo kikuu pale Chepkoilel, akajifunza Kijerumani, na badala ya kusafiri akabaki kuwafunza wanaosafiri. Aliona haya mara moja.

"Sasa, Madam, hapa nitakuita aje?"

"Niite vile unaita wengine."

Waiyego alitafuta mahali pa kukaa, na hapo ndipo alipomwona Opondo. Opondo alifunza biolojia na kemia shuleni kwao. Ijumaa, siku moja tu iliyopita, walikuwa wameketi meza zinazotazamana, na Opondo alikuwa amemwambia kwamba Jumamosi anakwenda kuangalia mahindi yake. Walitazamana. Opondo akainua begi lake kutoka kwenye benchi, akaliweka sakafuni, akasogea. Waiyego akaketi. Ciku akaendelea na herufi.

Jumatatu katika chumba cha walimu Opondo alimuuliza, "Uko na chaki?"

"Iko."

Akampa. Hawakuzungumzia lile jambo siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na kila Jumamosi waliketi benchi moja.

Waiyego alikuwa mwanafunzi mzuri. Kile Kijerumani chenye kanuni kwa kila kitu hakikumtisha mtu wa hesabu. Kilichomshinda kilikuwa kitu kidogo sana. Ciku aliandika ubaoni maneno ya hisia, furaha, hofu, hasira, huzuni, uchovu, kisha akamtaka kila mmoja achague moja, aseme anavyohisi leo na kwa nini. Kijana mmoja alisema ana furaha kwa sababu timu yake imeshinda. Mama mmoja alisema ana hofu kwa sababu ya mtihani. Opondo alisema ana njaa, neno ambalo halikuwa ubaoni, watu wakacheka. Zamu ya Waiyego ilipofika, aliyasoma yale maneno kutoka juu hadi chini. Akayasoma tena. Darasa likangoja. Aliyajua yote maana yake. Mwishowe alichagua uchovu, kwa sababu neno lenyewe kwa Kijerumani lilikuwa fupi.

"Sahihi," Ciku akasema. "Na kwa nini?"

"Kwa sababu ni Jumamosi."

Ciku alimwangalia kidogo zaidi ya alivyowaangalia wengine, kisha akaenda kwa aliyefuata.

Opondo, aliyekuwa ameanza kabla yake, alipita mtihani na kuondoka mwezi wa tisa. Akafungwa blanketi. Form Three wakabaki bila mwalimu wa biolojia, na kwa kuwa kipindi chao kilikuwa baada ya hesabu, Waiyego aliombwa abaki nao ukumbini ili wasipige kelele. Siku ya kwanza aliketi mbele na madaftari yake. Kiranja akainua mkono.

"Madam, tusome ama tukae tu?"

"Someni."

Wakafungua vitabu. Hakuna aliyeuliza ukurasa gani. Hakuna aliyeuliza mwalimu mwingine atakuja lini. Walikuwa watoto wa miaka kumi na sita, kumi na saba, na walikuwa wameshaona walimu wengi wakienda. Waligeuza kurasa pole pole, bila kelele yoyote.

Wiki hiyo Wamalwa alimwita ofisini. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, aliyebakisha mwaka mmoja kustaafu, na alikuwa anamenya chungwa juu ya gazeti.

"Mwalimu, kaa. Nimeskia Opondo hakuwa anaenda kuangalia mahindi peke yake."

Waiyego akaketi.

"Sikulaumu," Wamalwa akasema. "Mimi ningekuwa na umri wako, sijui. Nakuomba kitu kimoja. Uniambie mapema. Nisije nikajua siku ile unaleta barua."

"Nitakuambia, Mwalimu."

"Ungekuwa umekasirika na mimi ungesema?"

"Sijakasirika."

"Najua," akasema Wamalwa, na akamkatia nusu ya chungwa. Walikula, kisha Waiyego akarudi darasani.

Mwezi wa kumi alipita mtihani wa lugha. Mwezi wa kumi na moja alihojiwa kwa video, katika chumba kile kile cha Ciku, na wanawake wawili kutoka nyumba ya kutunzia wazee. Ciku alikuwa amemwandalia jibu la swali ambalo lazima lingekuja, kwamba anapenda kusaidia watu na anaheshimu wazee. Swali likaja. Kwa nini mwalimu wa hesabu anataka kuja kuogesha wazee wa watu wengine?

Waiyego akafungua mdomo, na lile jibu halikuwepo.

"Mimi ni mwalimu wa hesabu," akasema kwa Kijerumani chake cha sentensi fupi. "Tulikuwa wanne. Sasa niko mmoja. Nimechoka. Lakini kila asubuhi naenda kazini."

Wale wanawake wakatazamana. Mkubwa wao, mwenye nywele fupi nyeupe, akasema kitu kirefu, kisha akakirudia pole pole ili aelewe. Alisema hata wao wamepungukiwa sana. Wafanyakazi wanaondoka, wanaoingia hawakai, na waliobaki wanafanya kazi za wengine. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kijerumani ambayo Waiyego aliielewa kabla haijaisha.

Walimchukua. Mkataba ukaja, safari ikapangwa kuwa mwezi wa nne. Alimwambia mama yake dukani, mteja wa mwisho alipotoka.

"Utaenda?" Virginia akauliza.

"Nitaenda."

"Na hao watoto?"

"Sijui, Mami."

Virginia alikuwa anapima sukari. Aliendelea kupima, akafunga mfuko, akaanza mwingine.

"Kama ungekuwa unalia, ningekuambia ukae. Kama ungekuwa umefurahi, ningekuambia enda, mtoto wangu. Sasa mimi sijui nikuambie nini." Akaweka mfuko kwenye rafu. "Enda basi. Labda ni huko iko."

"Ni nini iko huko?"

"Sijui. Ile kitu umepoteza."

Waiyego akamsaidia kufunga mlango wa duka.

Shule zilipofunguliwa Januari, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya Kumi wakaingia na vitabu vya mtaala mpya ambavyo walimu wenyewe walikuwa wanavisoma kwa mara ya kwanza. Pamoja nao akaja mwalimu intern, yaani wa muda. Jina lake Marion Aloo, kutoka Ahero, hesabu na fizikia, viatu vipya, baridi ya Moiben imemshangaza. Wamalwa alimleta mwenyewe mpaka mezani kwa Waiyego, kana kwamba amebeba yai.

Waiyego alimwonyesha mahali pa chaki, choo cha walimu, na ukumbi wa kulia. Alimpa Form Three. Hakumuuliza amepata nyumba wapi wala safari ilikuwaje. Hayo aliwauliza wale waliokuja zamani.

Aloo alifunza kipindi chake cha kwanza, akatoka ukumbini akitembea haraka, akazunguka nyuma ya maabara. Waiyego alikuwa anapita kwenda Form Four. Akamkuta ameegemea ukuta, analia kwa sauti, kamasi zinamtoka, mkono umejaa vumbi la chaki na sasa vumbi hilo liko mashavuni.

"Pole," akasema Waiyego.

"Kuna msichana wa nyuma aliinua mkono lesson yote," akasema Aloo. "Lesson yote, Madam. Nilimwona tu wakati nafunga kitabu. Alikuwa anataka kuuliza kitu na mimi sikumwona."

"Watakuwa wengi kama yeye."

"Sasa hiyo ndiyo unaniambia?"

Waiyego alisimama pale akimwangalia, na kitu kikamchoma kifuani, chembamba kama mwiba, akachukua muda kukitambua. Kilikuwa wivu. Alimwonea Aloo wivu kwa sababu analia.

"Mimi naenda mwezi wa nne," akasikia anasema. "Naenda Ujerumani. Mwalimu mkuu anajua. Afadhali na wewe ujue saa hii."

Aloo akajifuta uso kwa kiwiko.

"Kwa hivyo mimi ndio nitabaki na hawa wote."

"Ndio."

"Basi nifunze kabla uende. Usinionyeshe chaki iko wapi. Njoo ukae kwa class uniambie nakosea wapi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba Waiyego, baada ya miaka kumi na moja, aliketi kwa mara ya kwanza nyuma ya ukumbi ule, kati ya wasichana wawili waliojibana kumpa nafasi. Aloo alikuwa anaandika ubaoni. Waiyego akainua macho asome, asione kitu. Jua la saa nne liliingia kwa dirisha la upande, likaupiga ubao, upande mzima ukawa mweupe tu.

"Nyinyi mnaona hapo?" akamnong'oneza msichana wa kulia.

"Hapana, Madam."

"Tangu lini?"

"Hii time ya jua huwa hatuoni. Huwa tunaandika vile unasema, halafu tunakopi kwa wale wa mbele."

"Mbona hamjawahi kuniambia?"

Msichana akaangalia daftari lake. "Ulikuwa na mambo mingi, Madam."

Dirisha halikuwa na pazia. Waiyego aliinuka, akaenda, akasimama mbele ya kioo na mgongo wake ukaziba jua. Kivuli chake kikaangukia ubao, maandishi yakatokea, na vichwa vya nyuma vikainuka. Aloo alimtazama, akaelewa, akaendelea kuandika. Waiyego alisimama hivyo mpaka kengele, mgongo ukipata joto. Wiki iliyofuata yeye, Aloo na wanafunzi waliuhamisha ubao ukuta wa pili, kazi ya mchana mmoja.

Muhula ule walifanya kazi pamoja. Waiyego hakurudi kuwa yule msichana wa zamani, na asingesema kwamba ana furaha. Ila alipata kipindi kimoja cha kupumzika kwa siku, na hakujua akifanyie nini, basi alikuwa anakwenda nyuma ya uwanja na kuketi kwenye nyasi hadi kiishe. Siku moja usingizi ulimchukua akachelewa Form Four, na wao walipomwona na majani kichwani walicheka, na hakuna aliyewakataza.

Siku ya mwisho kabla ya kufunga shule alikataa keki na blanketi. Alitaka tu kukaa na Aloo wapange ratiba ya muhula wa pili. Walikuwa wameandika mpaka Alhamisi wakati Aloo aliweka kalamu chini.

"Madam, kuna kitu sijakuambia."

"Sema."

"Mimi pia nimeapply. Shule ya private, Kisumu. Wameniita interview mwezi wa tano." Akasema upesi, uso umemshuka. "Sijui kama nitapata. Nilikuwa naogopa kukuambia."

Waiyego akamtazama. Akaitazama ile ratiba, jina la Aloo limejaa kila kisanduku kuanzia Jumatatu. Kicheko kikamtoka ghafla, kutoka chini kabisa, cha kumfanya ashike meza. Aloo alimwangalia kwa woga, kisha midomo yake ikaanza kutetemeka, naye akacheka, wakacheka wote wawili mpaka mlango wa ofisi ukafunguka na Wamalwa akatokea, miwani mkononi.

"Kuna nini, walimu?"

Wakazidi kucheka. Wamalwa akangoja kidogo, akatabasamu bila kujua anatabasamia nini, akarudi ndani. Walipopoa, Waiyego akavuta karatasi karibu.

"Ijumaa," akasema. "Form Three, lesson ya kwanza. Andika jina lako. Ukienda, watalifuta."

Aliondoka wiki iliyofuata. Virginia alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Eldoret akiwa amevaa koti la kanisani. Muhula wa pili ulipofunguliwa, Aloo alikuwa bado yuko, anangoja ile interview ya Kisumu, na Form Four walikuwa bado hawana mwalimu wa biolojia.